Alama 530 za Mchumba wa Binti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama inawezekana naomba unijibu kabla ya Jumamosi tarehe 20, kwa sababu siku hiyo barua niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe itafunguliwa mbele ya watu kumi na wanane, na barua hiyo inasema uongo, ingawa siku nilipoiandika niliamini kila neno lake.

Mimi ni fundi mizani, umri wangu miaka hamsini na sita. Kazi yangu ni kuzunguka sokoni, machinjioni na kwenye maduka na sanduku la mawe ya chuma, kuangalia kama mizani ya mwenye duka inasema kweli. Ikisema kweli naibandika stika ya mwaka, ikidanganya naifunga kwa waya na lakiri mpaka itengenezwe. Watu wa kazi hii tuna msemo kwamba mizani haipimwi kwa jiwe moja: unaanza na dogo, unapanda, unafika kubwa, halafu unaweka jiwe kwenye kila pembe ya sahani, maana ipo mizani inayosema kweli katikati na kudanganya pembeni. Nakueleza haya ili ujue kwamba mimi si mtu wa kukurupuka. Tena naandika shajara kila siku tangu nilipomaliza sekondari, kwa hiyo tarehe nitakazotaja hapa si za kukisia.

Mchezo ninaoupenda ni sataranji. Chama chetu hukutana kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa juu wa maktaba, na mimi ndiye katibu. Kila mwanachama ana daraja lake, yaani namba inayopanda akishinda na kushuka akishindwa, na mimi ndiye ninayeziandika kwenye ubao wa matangazo. Daraja langu ni 1,512. Limekaa hapo hapo, mara likipanda kidogo mara likishuka kidogo, kwa miaka ishirini na miwili.

Sasa shida yenyewe. Jumapili tarehe 3 Machi binti yetu wa pekee, ambaye ni mfamasia, alimleta nyumbani mchumba wake ili tumfahamu. Ni fundi lifti, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, na nilimpenda tangu alipovua viatu mlangoni akavipanga sawasawa. Tukawa tunakunywa chai, nikamwuliza anapenda nini akiwa hana kazi, akasema sataranji. Mshauri, nilifurahi nikasahau kikombe mkononi. Nikamwuliza, "Alama zako ngapi?"

Akasema, "Elfu moja mia tisa na kumi, Baba. Lakini ni za kwenye simu tu. Huwa nacheza nikiwa chumba cha mashine juu ya jengo, nikisubiri kipuri kiletwe."

Chai ikanipanda puani. Mke wangu akanipiga piga mgongoni huku akimwambia kijana, "Usijali, huyu akisikia namba hupaliwa."

Jioni ile niliandika kwenye shajara: "1,910. Tuone."

Jumamosi tarehe 9 nikampeleka chamani, na kwa kuwa mimi ndiye ninayepanga nani acheze na nani, nilimpangia watu wetu watatu wakali kwa wiki tatu mfululizo, halafu wawili wa kawaida, na michezo yote ilikuwa ile mirefu ya dakika tisini kwa kila mtu. Mshauri, ilikuwa aibu kutazama. Alikuwa anasahau kubonyeza saa baada ya kucheza. Siku ya kwanza alimgusa malkia wake kwa bahati mbaya, na kwetu ukigusa umecheza, basi akalazimika kumsogeza na malkia akaliwa. Mkono ulikuwa unamtetemeka. Katika dakika zake tisini alitumia nane au kumi tu, halafu anakaa kumsubiri mwenzake huku akitazama dari, na mimi nikimtazama nikasema moyoni, huyu hajazoea kufikiri peke yake. Alishindwa mara tatu, akapata sare moja, akashinda mara moja. Tarehe 6 Aprili nikapiga hesabu ya daraja lake la kwanza: 1,380.

Nilikaa na namba zile mbili mbele yangu. Elfu moja mia tisa na kumi kwenye simu, elfu moja mia tatu na themanini mezani. Tofauti 530. Mizani ikikosea kiasi hicho hairudishwi sokoni. Na kabla hujasema labda simu na meza havipimi sawa, nilifanya jaribio, kwa sababu mimi mwenyewe nina akaunti kwenye simu, ninacheza na wanachama wenzangu wanne, mchezo wa taratibu, hatua moja kwa siku, na alama zangu za huko ni 1,498. Mezani 1,512, simu 1,498, tofauti 14. Mizani mbili zinakubaliana. Basi kama mizani zinakubaliana, mzigo ndio una hila. Nikaamini kwamba kijana akiwa huko chumba cha mashine anafungua programu inayomnong'oneza hatua za kucheza, na kwamba hizo alama 530 ni za kuiba.

Tarehe 7 nikamwambia binti yangu. Alikuwa anapiga pasi koti lake la kazini.

"Mchumba wako anasaidiwa na mashine," nikasema.

"Mashine gani, ya lifti?"

"Usinichekeshe. Alama 530 ziko wapi?"

"Baba, yaani umempima kama gunia la viazi?"

"Namba hazisemi uongo."

"Namba hazisemi kitu, Baba. Wewe ndiye unayezisemea."

Hapo ningenyamaza, lakini sikunyamaza, nikasema anayeiba kwenye mchezo ataiba na ndani ya nyumba. Binti yangu akachomoa waya wa pasi, akalikunja koti likiwa na mikunjo yake vile vile, akatoka. Tangu siku hiyo ananisalimu na kupita. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza, "Mzee wa Daftari, na mimi uliniandika ngapi kabla ya kunioa?" Nikamwambia, "Wewe sikukuandika." Akasema, "Ndiyo maana tumedumu."

Nilipaswa kuishia hapo. Lakini tarehe 8, nikijiona ninatetea heshima ya chama, nikaandika barua ya malalamiko kwa kamati, kurasa mbili, nikiomba kijana afutwe chamani na achunguzwe, nikaitia kwenye bahasha nikamkabidhi mwenyekiti wetu, ambaye ni mwalimu mstaafu na mwanamke asiyependa mzaha. Akaitia kwenye mkoba wake. Hakuifungua, kwa sababu kanuni inasema malalamiko yote hufunguliwa mbele ya wanachama, mshtakiwa akiwepo, na mshauri, kanuni hiyo niliiandika mimi.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumamosi iliyopita, tarehe 13. Kijana alikuja, na binti yangu akaja naye, mara ya kwanza kukanyaga ukumbi ule, akakaa karibu na mlango na pochi mapajani bila kunitazama. Mpinzani wa kijana siku hiyo alikuwa mgonjwa. Mwamuzi wetu, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema, "Katibu, usimwache mkweo akae kama mgeni wa hospitali. Mcheze ile ya haraka, dakika tatu tatu." Sisi wazee hatuichezi sana hiyo, lakini watu walikuwa wameshageuza viti, nikakubali.

Kijana akatoa simu mfukoni akampelekea binti yangu aiweke kwenye pochi. Nikadhani hataki imsumbue. Akakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko. Nikadhani ni joto. Kisha akahamisha kiti, akakaa akitazama ukuta, watu wote wakiwa nyuma yake. Nikadhani ni jua la dirishani. Tukaanza.

Mshauri, sijui nikueleze vipi. Yule aliyekuwa anatetemeka hakuwepo. Mkono wake ulikuwa unaruka kutoka kwenye kete kwenda kwenye saa kama fundi cherehani, na mimi bado natafuta farasi wangu yuko wapi. Mchezo wa kwanza nilidhani nimeteleza. Wa pili muda uliniishia. Wa tatu mwamuzi akaanza: "Katibu, saa inakuita, itikia!" Wa nne mtu mwingine akasema, "Mwacheni, anatafuta kalamu." Wa tano nilikuwa na malkia, yeye hana, na bado nikafungwa. Wa sita kijana akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Samahani, Baba, mfalme hana pa kwenda." Mara sita, mshauri, na chai yangu bado ilikuwa inatoa moshi.

Ukumbi ulikuwa unacheka, hata mwenyekiti alicheka, na nilipaswa kuona aibu, lakini kilichonijia ni kingine. Nilihisi kama mtu aliyetua gunia alilolibeba kutoka mbali. Kijana si mwizi! Mikono mitupu, simu iko kwenye pochi, dakika tatu, mbele ya macho yangu, hakuna wa kumnong'oneza na hata angekuwepo asingemaliza sentensi. Binti yangu hajachagua mwizi. Nilishuka ngazi za maktaba nikipiga mbinja, na niliandika kwenye shajara neno moja tu, "Alhamdulillahi", halafu nikakumbuka ile bahasha.

Ndipo nilipo sasa. Nikikaa kimya, bahasha itafunguliwa tarehe 20 na kijana ataaibishwa mbele ya watu wote, na tarehe 28 wazazi wake wanakuja nyumbani kwetu kuzungumzia ndoa. Nikiiondoa, kanuni inasema anayeondoa malalamiko ataje sababu na sababu iandikwe kwenye kumbukumbu za chama, na anayeandika kumbukumbu ni mimi, na zinabandikwa ubaoni. Nimefikiria kumwambia mwenyekiti kwamba barua ilihusu viti vilivyovunjika. Mke wangu anasema niiondoe kimya kimya na kijana asijue kamwe, kwani asichokijua hakitamuumiza. Moyo wangu unasema ana haki ya kujua, lakini naogopa akijua kwamba baba wa mchumba wake alimwita mwizi, ataondoka, na binti yangu hatanisalimu tena hata kwa kupita. Mpaka sasa kijana hajui lolote.

Na jambo la mwisho, ambalo litakuchekesha. Pamoja na furaha yangu, bado sielewi. Kama hakuiba, hizo 530 zilikwenda wapi? Namba mbili za mtu mmoja zinawezaje kuwa kweli zote?

Ni mimi, Fundi Mizani

*

Fundi Mizani,

Barua yako nimeirusha juu ya barua nyingine zote kwa sababu ya hiyo tarehe 20, kwa hiyo kaa vizuri unisikilize.

Kwanza pumua. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini ya kwako hayajamwagika. Yamo kwenye mkoba wa mwalimu mstaafu, na wanaozijua aibu zako mpaka sasa ni watu wa nyumbani kwako tu. Wengi wanaoniandikia wangetoa chochote wawe mahali ulipo wewe.

Nianze na swali lako la mwisho, maana najua hutasikia lolote mpaka nilijibu. Mimi sataranji siijui, farasi kwangu ni mnyama. Nimemwuliza mwalimu anayefundisha mchezo huo shuleni, nikamsomea namba zako kwenye simu, akacheka mpaka nikamsubiri. Akasema swali hilo huulizwa kila muhula, na wanaouliza ni wazazi. Yeye mwenyewe, alama zake za kwenye simu zinazidi za mezani kwa zaidi ya mia tatu, na hajawahi kujiita mwizi.

Alama si kilo, kaka yangu. Kilo ni kilo hata ukihama mji. Alama ya mchezo inaonyesha umesimama wapi katika foleni ya watu unaocheza nao. Ukiwa wa tatu kwenye foleni ya benki, huwezi kwenda kwenye foleni ya mkate ukasema mimi hapa ni wa tatu. Foleni ya simu ina watu wengine, inaanza kuhesabu mahali pengine, na kwa kasi aliyokuonyesha, bila shaka kijana wako huko anacheza ile ya dakika tatu. Chama chenu kina watu kumi na wanane, saa kubwa mezani, kete za kushikwa kwa mkono, ukigusa umecheza, na dakika tisini ambazo yeye hajui azifanyie nini. Alitazama dari kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa muda wote huo. Mkono ulimtetemeka kwa sababu anayempangia wapinzani ni baba wa mchumba wake, naye amesimama pembeni na daftari. Hata mimi ningemgusa malkia.

Na ile michezo mitano? Mwalimu amesema mitano haitoshi, daraja la mwanzo huyumba mpaka mtu acheze ishirini au thelathini. Wewe ambaye kila siku unasubiri sindano ya mizani itulie ndipo usome, hapa umesoma sindano ikiwa bado inacheza, ukaandika, ukatia na lakiri.

Lakini kosa lako kubwa umelitaja mwenyewe kwenye aya ya pili ukapita bila kuligusa. Mizani haipimwi kwa jiwe moja. Sasa niambie, ulipotaka kujua kama simu na meza vinapima sawa, ulitumia mawe mangapi? Moja! Na jiwe lenyewe ni wewe. Tena unacheza na wale wale wanne wa chamani, kwa mwendo wa hatua moja kwa siku. Hiyo ni foleni ile ile, umeihamishia kwenye kioo. Namba zako zingekosaje kukubaliana? Mwenye duka angekuletea ushahidi wa namna hiyo ungemfungia duka.

Kwa nini fundi wa miaka yote hiyo alikosea jambo analolifanya kila siku sokoni? Nitakwambia, na utanisamehe. Miaka ishirini na miwili hujavuka 1,512. Akaja mtu sebuleni kwako, akakaa kwenye kiti chako, akanywa chai yako, akasema 1,910 kama anayetaja namba ya kiatu. Na mtu huyo anamchukua binti yako. Barua ya kamati ilianza kuandikwa pale chai ilipokupanda puani. Wivu si dhambi kubwa, sote tunao, ila usiuvalishe sare ya katibu na kuutuma kutetea heshima ya chama.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hujaliona, na kwa mtu anayeandika kila kitu nashangaa. Unasema mpaka sasa kijana hajui lolote. Soma tena ulichoniandikia. Kabla ya kucheza alitoa simu akampa binti yako. Ukadhani hataki imsumbue. Akakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko. Ukadhani ni joto. Akahamisha kiti akatazama ukuta ili asione uso wa mtu hata mmoja. Ukadhani ni jua. Kaka yangu, mtu asiyejua kwamba anashukiwa hafanyi hivyo. Na binti yako, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi ule, alikuja siku hiyo kutafuta nini, kama si kuishika hiyo simu?

Anajua. Alijua alipopanda zile ngazi. Nadhani binti yako alimwambia siku ile ile ya pasi. Angeweza kubaki nyumbani. Angeweza kukuuliza mbele ya watu, "Mzee, nimeiba nini?" na ukumbi mzima ungejua. Badala yake alikuonyesha mikono yake mitupu kwa namna ambayo wewe peke yako ungepaswa kuelewa, akakufunga mara sita, na kila mara akakuita Baba. Ulishuka ngazi ukipiga mbinja, na hukujua kwamba umesamehewa.

Kwa hiyo ile hofu yako kubwa, kwamba akijua ataondoka, itupe. Alijua na akaja. Kilichobaki ni wewe kusema kwa mdomo wako jambo ambalo binti yako na mchumba wake wanalisubiri. Mke wako nampenda kwa lile jibu lake la daftari, lakini kwa hili la kunyamaza amekosea. Ukinyamaza kijana ataendelea kukuita Baba, ila kila ukimtazama mikono utakuwa unaiona ile mikono ya shati imekunjwa.

Fanya hivi. Ukimaliza kunisoma, nenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake, usingoje Jumamosi, umwambie unaiondoa barua. Usithubutu kutaja viti vilivyovunjika. Sababu iandike mwenyewe kwenye kumbukumbu, maneno haya haya: "Katibu ameondoa malalamiko yake kwa kuwa alikosea kipimo." Jina la kijana lisiwemo, maana yeye hana kosa la kuandikwa. Ibandike ubaoni. Mwamuzi mwenye mdomo usio na breki atakutania wiki mbili. Vumilia, ni bei nafuu. Na upangaji wa nani acheze na nani umwachie mtu mwingine mpaka harusi ipite.

Kisha zungumza na binti yako kwanza, kabla ya kijana, kwa sababu neno la kuiba ndani ya nyumba ulimtupia yeye. Usimweleze foleni wala sindano. Mwambie, "Nilikosea, na nilikuumiza," halafu lichukue lile koti ulinyooshe mwenyewe. Najua hujui kupiga pasi. Ndiyo maana.

Halafu mwite kijana. Msikutane chamani, na ubao wa sataranji usiwepo mezani, maana nawajua wanaume, mtasogeza kete na kujifanya mmezungumza. Kaeni wawili. Mweleze barua uliyoiandika, mpe na bahasha yenyewe ikiwa imefungwa, aamue yeye kuisoma au kuichana. Mwombe msamaha mara moja, kwa sentensi fupi, kisha unyamaze umsikilize. Akitaka kukulaumu mwache akulaumu, ana haki. Akicheka, cheka naye. Baadaye, mkiwa mmepoa, mwombe akufundishe hiyo ya dakika tatu, na wewe umfundishe namna ya kukaa na dakika tisini bila kutazama dari. Yeye ana kasi, wewe una subira, na wote wawili mnapungukiwa.

Siku hiyo kwenye shajara andika tarehe na maneno mawili, "Nimerekebishwa leo," kama unavyobandika stika kwenye mizani iliyotengenezwa.

Na tarehe 28, wazazi wake wakishaketi, baba yake lazima atakuuliza unamwonaje kijana wao. Wakati huo daftari liwe limefungwa na liko chumba kingine. Usitaje 1,910, usitaje 1,380. Mtazame machoni mzee mwenzako umwambie, "Mwanao amenifunga mara sita, na kila mara ameniita Baba." Halafu mkeo alete chai, na safari hii uimeze vizuri.